Kamba ya Mafundo Matatu

Nilirudi kanisani nikiwa na kamba kiunoni, na sikuwa na nia ya kuifungua. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu wajukuu zangu wanapenda kunisimulia kwa wageni kama mtakatifu, bibi aliyetubu akarudi kwa Mungu akilia. Kulia nililia. Lakini kamba ilikuwa palepale chini ya kanga, nyeusi, nene kama utambi wa taa, ina mafundo matatu, na mtu angeigusa ningemng'ata.

Mafundo matatu, watoto watatu. Wote niliwapata Nachingwea, miaka ile Wazungu walipokuja kung'oa msitu kwa matrekta ili walime karanga. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta. Sote wawili tulibatizwa tungali wadogo, tukasoma shule moja ya misheni, lakini tulipofika kambini dini tuliiacha nyuma. Mahari ilikuwa imelipwa nyumbani, wazee walikula wakashiba, tukaambiwa nendeni. Kanisani hatukukanyaga. Jumapili ya kambini ilikuwa siku ya kufua na kunywa pombe, na padri wa kule akipita na pikipiki yake mimi nilikuwa nikiingia ndani nikijifanya natafuta chumvi.

Watoto walifuatana. Wa kwanza hajaacha ziwa, wa pili huyo. Wa pili hajajua kukimbia, wa tatu yumo tumboni. Nyumbani wangenisema kwamba nawabemenda watoto, nawadhoofisha kwa kushika mimba kabla hawajaacha ziwa, wangemhamishia mume wangu kwa kaka yake mpaka mtoto apate nguvu. Kambini hakukuwa na shangazi wala bibi wa kukemea. Kulikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja, na sisi tulikuwa vijana.

Uzazi wa tatu ulikuwa kufa kupona. Nilipakiwa kwenye lori la kambi, juu ya magunia, nikapelekwa hospitali ya misheni damu ikinitoka njia nzima. Aliyenipokea alikuwa Sista mkunga, Mzungu mwembamba mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume. Mtoto akamtoa mzima, na mimi akanirudisha kutoka huko nilikokuwa nimekwishafika. Nilipoweza kukaa akaja kitandani kwangu.

"Mama, ndani umechanika vibaya," akasema. "Nimeshona nilichoweza. Mimba nyingine itakuua. Usizae tena."

"Nisizae vipi, Sista?"

Akatazama dirishani. "Zungumza na mumeo."

"Nizungumze naye nini?"

Alinipangusa uso, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilimkasirikia sana siku ile. Mtu anakutoa kaburini, anakuonyesha njia ya kurudi huko huko, halafu anakuachia wewe ukazungumze.

Lakini katika hospitali hiyo hiyo ndipo nilipoanza kutamani kurudi. Kila jioni wagonjwa walioweza kutembea walikaa barazani wakasali rozari. Siku moja, nikiwa nimelala nimewapa mgongo, nikasikia mdomo wangu unaitikia. Maneno yote yalikuwemo, hakuna hata moja lililopotea. Nikalia mpaka mwanamke wa kitanda cha pili akadhani mtoto amekufa. Mume wangu alipokuja nikamwambia nataka turudi kanisani, tufunge ndoa, watoto wabatizwe. Akasema sawa. Wakati ule ningemwomba mwezi angeniletea, kwa jinsi alivyokuwa ameogopa.

Hatukurudi mara moja. Karanga zilikataa kuota kama Wazungu walivyotaka, kazi ikavunjika, nasi tukahamia Ruangwa, kwao mume wangu, kulima ufuta na mikorosho ya baba yake. Huko shangazi yake mume wangu, aliposikia Sista alivyoniambia, hakutazama dirishani. Alinishika mkono akanipeleka kwa mganga, mama mtu mzima, pamoja na kuku mmoja mweusi. Mganga akasokota pamba, akaipaka masizi na mafuta, akafunga fundo kwa kila mtoto huku akitaja jina lake. Akaniambia mafundo yakikaa, tumbo litalala. Yakifunguka, litaamka.

Miaka miwili tumbo likalala. Kweli, nilikuwa nanyonyesha. Kweli pia mume wangu alikuwa akinigusa kwa nadra na kwa woga kama mtu anayeokota mayai. Lakini sifa zote nilizipa kamba.

Ndipo tukaenda misheni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, kujiandikisha kwa mafundisho ya waliopotea. Na hapo nikakutana na jambo nililokuwa nimelisahau. Pale misheni kulikuwa na desturi: Jumamosi kabla ya kupokelewa tena, kila aliyekuwa anarudi alileta hirizi zake mbele ya kanisa, ukawashwa moto, akazitupia humo kwa mkono wake, watu wakitazama. Wengi walikuwa wajanja. Walileta kitambaa kikuukuu walichokifunga jana yake wakakichoma kwa mbwembwe, na hirizi yenyewe ikabaki nyumbani darini. Mume wangu akanishauri nichome kamba ya kufungia kuni.

"Padri atajuaje?" akasema. "Kamba ni kamba."

Nilifikiri sana juu ya shauri hilo, sitadanganya. Kisha nikaona haya. Kama ni kurudi kwa kumhadaa Mungu, si heri ningebaki kambini natafuta chumvi? Siku ya mafundisho ikaisha, wenzangu wakaondoka, nikamwendea Padri barazani kwake.

Padri huyu alikuwa Mzungu wa makamo, Kiswahili chake safi lakini cha polepole, kama anakisoma mahali. Nikamsalimu, Tumsifu Yesu Kristo, akaitika, Milele amina. Akaniuliza shida yangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa natafuta kutozaa, lakini ilinibidi kufunua vilevile. Nikamweleza yote: lori, damu, maneno ya Sista, mganga, mafundo. Alisikiliza akitazama viatu vyake.

"Kamba hiyo lazima ikatwe," akasema. "Huwezi kumtegemea Mungu na mganga kwa pamoja. Na kufunga uzazi si ruhusa."

"Siikati, Baba."

"Basi nitakupokeaje?"

"Hilo ni lako kulijibu, ndiyo maana nimekuja. Sista wenu amesema nikishika mimba nakufa. Wewe unasema nikikaa na kamba siokoki. Nina watoto watatu, wa mwisho hajui hata kujifunga suruali. Nikifa, utawalea wewe hapa barazani?"

Uso ukamwiva mpaka masikioni. Nilijua nimepitiliza. Mama yangu angekuwepo angenizaba kofi, kwa maana padri hasemwi hivyo. Lakini nilikuwa na hasira ya miaka miwili na haikuwa na pengine pa kwenda. Sikuomba radhi. Nilikaa pale nikingoja anifukuze, na moyoni nikawa namwambia Mungu, basi, nimejaribu.

Hakunifukuza. Akasema, "Sijui la kukujibu leo. Nipe wiki mbili. Njoo na mumeo."

Sijawahi kusahau maneno hayo. Tangu nizaliwe sikuwa nimemsikia padri akisema hajui.

Baada ya wiki mbili tukaenda. Alikuwa na vitabu mezani na barua mbili tatu, na Sista yule mkunga, ambaye sasa alikuwa amehamishiwa zahanati ya misheni hiyo, alikuwa ameketi pembeni mikono mapajani. Padri akasema ameuliza, na Kanisa linasema hivi: mtu na mkewe, wakiwa na sababu nzito kama yetu, wanaweza kukutana siku zile tu ambazo mwanamke hashiki mimba, na siku nyingine wakajizuia. Hiyo si dhambi. Lakini ni wote wawili, na kwa hiari, si mmoja kumlazimisha mwenzake. Akamgeukia mume wangu akamuuliza kama ataweza. Mume wangu akajibu kwamba mke akishakufa atajizuia siku zote, kwa hiyo ni afadhali aanze na hizo chache. Padri akacheka, kisha akajikaza.

"Na kamba?" nikauliza.

"Kamba itakatwa. Lakini si leo. Kwanza ujifunze."

Nikaona nanyang'anywa kamba ninayoishika na kupewa hesabu nisiyoiona. Nilikwenda na Sista zahanati nimenuna, miguu inaburuta. Akaniketisha kwenye benchi, akafunga mlango, akaniuliza habari ambazo hakuna Mzungu aliyewahi kuniuliza. Siku zangu zinachukua muda gani. Zinarudi baada ya siku ngapi. Na mume wangu ananijia lini.

Hilo la mwisho lilikuwa rahisi, nikamweleza habari za shanga. Sisi tulipochezwa unyago, kungwi alitufundisha kuvaa shanga kiunoni. Ukiwa katika siku zako unavaa nyekundu, mume akiziona anajua, anageukia ukutani. Damu ikikoma, unasubiri siku saba uwe safi kabisa, kisha unavaa nyeupe. Mume akiona nyeupe anajua mlango uko wazi. Hakuna anayesema neno. Hata kule kambini, ambako tuliacha karibu kila kitu, shanga sikuziacha, na mume wangu alizisoma vizuri kuliko alivyosoma barua.

Sista akaanza kuhesabu kwa vidole vyake vikubwa. Siku tano za damu. Siku saba za kusubiri. Akarudia. Kisha akafunika mdomo.

"Kumi na mbili," akasema. "Unavaa nyeupe siku ya kumi na mbili."

"Ndiyo, Sista."

"Mama, siku hizo ndizo za kushika mimba. Hizo hasa. Ungetaka mapacha usingechagua vizuri zaidi."

Mimi miaka yote nilijua, na wanawake wote niliowajua walijua, kwamba mtoto anaingia mara tu damu inapokoma, wakati mlango haujajifunga, na kwamba kadiri unavyosubiri ndivyo unavyokuwa salama. Kumbe nilikuwa nasubiri, nasubiri, halafu namwita mume wangu kwa shanga nyeupe siku ile ile niliyopaswa kumkimbia. Watoto watatu kwa utii. Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, na Sista akacheka, akafuta machozi kwa aproni. Kungwi wangu hakuwa amekosea. Aliitwa anifundishe kuzaa, naye alijua kazi yake.

Tukapanga upya. Nyekundu ningeivaa tangu siku ya kwanza ya damu mpaka ya ishirini. Siku ya ishirini na moja ndipo nivae nyeupe, mpaka damu irudi. Kalenda sikuwa nayo, na ningekuwa nayo watoto wangeichana. Nikatunga uzi mwingine wa shanga, nyekundu ishirini na nyeupe nane, nikautundika msumarini nyuma ya mlango, na kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nikasukuma ushanga mmoja chini. Sista akanitaka nihesabu miezi sita mizima ili ajue mwili wangu hauna kigeugeu. Miezi sita hiyo kamba nilikuwa nayo bado, na mume wangu alilala mkekani.

Jambo moja lilinisumbua. Padri alikuwa amehubiri dhidi ya shanga, kwamba ni mambo ya unyago. Nikamwendea nikamuuliza waziwazi, maana nilikuwa nimeshazoea kumuuliza.

"Yaliyo ndani ya kanga yako mimi siyaoni," akasema, akaendelea kusoma kitabu chake.

Mume wangu alilalamika, lakini kwa utani. "Siku ishirini nyekundu," akasema alipoziona. "Hata Kwaresima ina Pasaka yake."

"Pasaka yako ina siku nane," nikamwambia. "Kuna wanaume hawana hata hizo."

Jumamosi ya moto ikafika. Watu wakatupa vifurushi vyao, na mimi nikawajua waliotupa vitambaa vya jana. Zamu yangu ilipofika nilikwenda nyuma ya zahanati na Sista, akanipa mkasi. Mara mbili niliupenyeza, mara mbili nikautoa. Nilikuwa nimehesabu miezi sita, hesabu ilikuwa imekubali, lakini hesabu haikuwahi kunilinda mchana na usiku kama kamba ile. Nikafikiri juu ya mtoto wangu wa mwisho na suruali yake. Kisha nikakata. Ngozi ya kiuno ilikuwa nyeupe mahali ilipokaa, nikajisikia uchi mbele ya dunia nzima.

Nilimpa Padri kamba mkononi aitupie motoni, maana mimi sikuweza. Hakuitupia. Aliitazama, akaitia mfukoni mwa kanzu yake, akamwita mtu mwingine. Nikakasirika upya. Za wenzangu zimechomwa, yangu inawekwa mfukoni, ya nini? Anakwenda kuwaonyesha Wazungu wenzake wacheke? Kesho yake tukafunga ndoa, watoto wakabatizwa, nikapokea Komunyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile, na furaha yangu ilikuwa kubwa, lakini kamba ile mfukoni mwake ilinikera kama mwiba wa samaki.

Na kuna la pili lililonikera. Kila Jumapili, nilipokwenda kupokea Komunyo, Padri alinitazama tumbo. Si kwa kuiba. Alitazama tumbo kwanza, ndipo akatazama uso. Nikamwambia mume wangu padri huyu ananipeleleza, anangoja nishike mimba aone kama tunafuata sheria. Mume wangu akasema labda anaangalia kanga. Nikaanza kujifunga kanga mbili ili nimkomeshe.

Mwaka wa pili wa ndoa, wakati wa kupalilia ufuta, nilipata homa kali ya wiki nzima. Nilipopona nikaendelea kusukuma shanga. Nyekundu zikaisha. Nyeupe zikaisha. Hakuna kitu. Nikangoja siku ya kwanza, ya tatu, ya sita. Mume wangu aliona uzi umefika mwisho, hakuuliza, akawa anafanya kazi zangu zote kimyakimya, anateka maji, anapika uji. Siku ya tisa nilikamata kuku mweusi uani. Nasema ukweli wangu: nilikuwa nakwenda kwa mganga. Niliona nimeuza uhai wangu kwa ajili ya kupiga magoti pamoja na wenzangu.

Nilifika mpaka kwenye njia panda ya kwenda kwake na kuku kwapani. Nikasimama. Nikawaza, kama mimba imo, fundo litaifanya nini? Na kama haimo, namfuata mganga wa nini? Nikakaa chini nikasali kwa sauti, sala ya hasira, isiyo na adabu. Kisha nikarudi shambani na kuku wangu, nikamfunga mguu kwenye kisiki, nikapalilia kwa nguvu zote. Mchana wa siku hiyo hiyo, katikati ya mstari, damu ikaja. Nilikaa kwenye udongo nikacheka peke yangu. Nilipomweleza Sista akasema ni homa, homa huvuruga hesabu, na kwamba ningemwuliza tangu mwanzo ningejiokolea siku tisa za kufa bure.

Miaka ikapita hivyo. Sikushika mimba tena. Mtoto wa mwisho akajua kujifunga suruali, akajua kusoma, akawa anatumikia misa.

Karibu na mwisho wa miaka ile ya hamsini Padri akahamishwa. Alizunguka kuaga nyumba kwa nyumba, na siku moja tukasikia pikipiki yake uani kwetu Ruangwa. Nywele zake sasa zilikuwa nyeupe. Nikampa kigoda na maji, tukazungumza habari za mvua na za watoto. Alipotaka kuondoka akatia mkono katika kitabu chake cha sala, kile alichokisoma kila siku, akatoa kamba yangu, akaniwekea mkononi. Ilikuwa imelala kati ya kurasa, na mafundo yake matatu yalikuwa yameacha alama kwenye karatasi.

"Sikuichoma," akasema.

"Niliona, Baba. Nilikukasirikia."

"Nilijua. Ulianza kuvaa kanga mbili." Akapitisha kidole juu ya alama zile kwenye karatasi. "Nilikuambia ukate kitu ulichoamini kinakuweka hai. Ungekufa, ungekufa kwa neno langu. Nikasema nitakaa nayo nisisahau. Kila Jumapili nilikutafuta kwa macho, nikiona tumbo liko vilevile ndipo nilipoweza kusoma misa kwa amani. Wiki ile uliyokosa kuja kanisani, wewe ulikuwa na homa, mimi sikulala."

Miaka yote ile nilidhani nimebeba hofu hii mimi na mume wangu peke yetu. Machozi yakanitoka, nikamwambia, "Baba, nisamehe," na yeye akasema, "Wewe ndiye unisamehe," na mume wangu akasema kama ni kusameheana basi mgeni asiondoke mikono mitupu.

Hilo lilikuwa kweli. Nikaenda uani nikamkamata jogoo mkubwa, wa kumfungia Padri nyuma ya pikipiki. Nikatafuta kitu cha kumfungia miguu, sikuona kitu karibu, na kamba ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikafungua mafundo, moja, la pili, la tatu. Nikamfunga jogoo kwa hiyo, nikakaza vizuri, nikamkabidhi.